Kumhamisha Pola

2 Aprili
Daktari wa macho amesema niandike kila siku macho yangu yanavyoamka, halafu tuonane masika ikiisha. Haya, leo yameamka hivi: la kulia linaona, la kushoto linaona likitaka. Mvua imeanza. Hoteli zinafungwa moja baada ya nyingine na wageni wamekwenda kwao.

Kwa kuwa daktari ndiye atakayesoma, nimweleze na kazi. Nachora nyuso za watu kwenye vipande vya mfupa wa ng'ombe, kila kipande ukubwa wa kidole gumba. Zamani Wazungu walizichora kwenye pembe za ndovu. Siku hizi pembe ni jela, na mfupa naupata kwa muuza nyama. Nauchemsha, naukata, naupiga msasa mpaka ung'ae, kisha naanza nukta. Uso mzima ni nukta, daktari. Ndiyo maana nimekuja kwako.

3 Aprili
Mvua. Macho vilevile.

5 Aprili
Mvua. Easter, tunayegawana naye duka hili hapa Malindi, upande wake leso na shanga, upande wangu mifupa, ameuza leso moja tangu Jumatatu, tena kwa mwenye nyumba.

9 Aprili
Leo nina la kuandika.

Amekuja bibi wa Kigiriama kutoka Dabaso, jina lake Nyevu, pamoja na mwanawe Kiponda, mtu mzima anayetembeza wageni kwenye daraja la mbao la mikoko. Nikaamkia, "Shikamoo, hawe." Nimekaa pwani hii tangu utotoni, hata sisi Wakamba tumejifunza kuwaita bibi zao hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Mlango huu wafungika?"

"Wafungika."

"Ufunge basi."

Easter akaufunga, akajifanya anapanga shanga. Bibi akatoa leso, ndani yake leso nyingine, ndani yake kitambaa cheusi. Kabla ya kufunua kile cha mwisho alisema neno kwa Kigiriama, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Halafu akafunua.

Ilikuwa pembe. Kipande cha umbo la yai, chembamba mpaka mwanga unapita, na juu yake uso wa mwanamke kijana, mweusi, kilemba cheupe, anaangalia pembeni kidogo kana kwamba ameitwa jikoni. Ufa umepita toka kilemba mpaka shavuni. Uso wote umepakwa mafuta ya nazi miaka na miaka hata umekuwa wa rangi ya samli. Mimi nimechora kwenye mfupa maisha yangu yote, sijawahi kushika hata siku moja kile mfupa unachokiigiza. Nilishikwa na wivu. Halafu nikashikwa na hofu, maana kifungo chake nakijua.

"Huyu ni mamangu, Pola," bibi akasema. "Alikuwa yaya kwa mama mmoja wa Kizungu hapa Malindi. Yule Mzungu alikuwa akiwachora wenzake hivihivi. Siku moja akamchora yeye, na alipokuwa akirudi kwao akamwachia."

Kiponda hakukaa hata kitini. "Mama Ndinda, mimi nashinda na watu wa Bwana Nyama, askari wa wanyamapori, pale darajani. Huja nyumbani kunywa chai. Siku wakiona hii, tunakwenda sote, mimi na mama." Alikuwa amezungumza na askari mmoja, Kiprop, kwamba mama ana kipande cha zamani na anataka kukisalimisha kwa mkono wake. Kiprop amekubali kukipokea bila kesi. Lakini Kiprop anahamishwa mwisho wa Julai, na atakayekuja hawamjui.

"Nami nimekataa," bibi akasema. "Niliona kwenye televisheni. Walizikusanya pembe zikawa kilima, wakazitia moto. Mamangu hatachomwa. Mhamishie kwenye mfupa wako. Akishahama, wachukue pembe yao."

Nikasema nitamhamisha. Ni kazi, na kazi hakuna. Nikadhani ataondoka na pembe yake, nichore kwa picha ya simu. Kiponda akasema pembe hairudi Dabaso. Bibi akasema simu haiwezi kumbeba mtu. Nikabaki nayo.

10 Aprili
Nimeificha hapa hapa dukani, ndani ya mkebe wa unga wa mahindi. Sijapika ugali leo.

13 Aprili
Kanisani mhubiri ameeleza habari za Akani aliyeficha vitu haramu hemani mwake. Nimeinamisha kichwa kama mtu anayeomba.

16 Aprili
Nimepata mfupa mzuri, wa mguu, hauna vishimo vingi. Msasa siku nzima. Macho mabaya.

19 Aprili
Pembe na mfupa si ndugu, sasa nakubali. Pembe ina mwanga wake wa ndani; yule Mzungu aliacha kilemba kitupu bila rangi na kikawaka chenyewe. Kwenye mfupa nikiacha kitupu kinakuwa kama meno ya mtu mgonjwa. Isitoshe, mvua hii haiachi rangi ikauke. Naweka jiko la makaa karibu, si karibu sana, mfupa usipasuke. Naweka nukta, nangoja, naweka nukta, nangoja.

20 Aprili
Mvua.

21 Aprili
Mvua. Choo cha nyuma kimefurika. Easter anasema ni baraka, maana sasa hakuna anayekuja kuazima choo.

30 Aprili
Nimemaliza. Si kwa kujisifu, lakini ni yeye. Lile jicho la kutazama pembeni, ule mdomo unaokaribia kusema "naja." Bibi Nyevu amekuja peke yake, mkononi mboga za mtsunga zimefungwa kwenye kitambaa. Akaketi, nikampa miwani yangu ya kukuza, akatazama sana. Halafu akaiweka picha mezani, pembe pembeni yake, akakunja mikono akanitazama mimi. Akakaa hivyo. Nami nikakaa.

"Vipi, hawe?"

"Sura umeipata."

"Sasa?"

"Bado hajafika."

Nikamwambia nitaangalia macho, pengine nimeyakaza. Akasema haya. Akanywa chai akaenda zake.

Wateja ndivyo walivyo. Mmoja atasema pua si yake, mwingine atasema mbwa wake hacheki hivyo. Kazi yetu ni kunyamaza na kurekebisha.

4 Mei
Mvua imeezua mabati ya jirani. Macho mabaya yote mawili.

9 Mei
Naanza ya pili. Ile ya kwanza imeota ukungu shavuni, doa la kijani. Nimeiweka kando.

17 Mei
Mchana kutwa nukta. Easter amenitazama akasema, "Wewe, huyo marehemu utamjua kuliko waliomzaa." Ni kweli. Najua kwamba sikio lake la kushoto lilitobolewa chini kidogo kuliko la kulia. Hakuna mtu hai ajuaye hilo ila mimi, na Nyevu, labda.

24 Mei
Ya pili imekwisha. Nyevu amekuja na mihogo. Mambo yale yale: ametazama, ameweka picha kando ya pembe, amekunja mikono, akanitazama. Tukakaa hata chai ikapoa.

"Sura hii ni nzuri kuliko ile," akasema.

"Lakini?"

"Hajafika, mwanangu. Wewe mwenyewe waona."

Sioni. Nilimwambia labda ni rangi, kwamba nimemfanya mweusi zaidi kwa sababu nimechora rangi yake ya kweli, ile iliyo chini ya yale mafuta. Akasema rangi haina neno. Nikamwambia labda mdomo. Akasema mdomo hauna neno. Alipoondoka nilikuwa na hasira ya kulia.

25 Mei
Sikuenda kanisani. Nimelala.

28 Mei
Easter: "Mteja wa hivyo mwambie akajichoree."

3 Juni
Wamekuja. Askari wawili wa Bwana Nyama, wanapita duka hadi duka, wamesikia kuna anayeuza pembe kwa wageni. Walisimama mezani kwangu. Mmoja akachukua bangili ya mfupa akaigeuza kwenye mwanga. "Hii nini, mama?"

"Ng'ombe."

"Na hii?"

"Ng'ombe."

"Na hiki?" Akashika ile picha ya pili ya Pola.

"Ng'ombe pia, baba. Tazama vile vishimo. Pembe haina vishimo."

Nilikuwa nazungumza kama mwalimu, na mkebe wa unga uko rafuni juu ya kichwa chake. Easter akahesabu shanga zake upya. Yule askari akatazama uso wa Pola muda mrefu, akasema, "Amefanana na mtu," akauweka, wakaenda. Nikaketi chini sakafuni. Easter akaniambia, "Ndinda, leo hii hii utaitoa hapa ama mimi natoka."

Ana haki. Ana watoto. Hata mimi sitaki kuzeekea gerezani kwa ajili ya mama wa mtu.

4 Juni
Nimekwenda Dabaso. Mvua ilikuwa ya manyunyu, njia ya matope. Nilikwenda na pembe kifuani chini ya sweta na picha zote mbili kwenye mfuko, nimeshajipangia maneno: hawe, chukua mzigo wako, mimi nimeshindwa, tafuta fundi mwingine.

Nyevu alikuwa anapepeta mchele kibarazani. Hakushangaa kuniona. Akanipokea mfuko, akanipa kiti, nami nikaitoa pembe kifuani, na kabla sijafungua mdomo akaichukua akaingia nayo ndani. Nikamfuata. Kwenye kona ya chumba chake pana kibao kidogo kimepigiliwa ukutani, kitupu, na chini yake kata ya kifuu cha nazi. Akaiweka pembe pale. Akamimina maji ya unga chini, kidogo, akasema maneno yake. Akachovya kidole kwenye mafuta ya nazi akampaka mamake usoni. Alikuwa akifanya haya kama ninavyofagia mimi, bila ya kufikiri.

Tukatoka nje. Nyuma ya nyumba, chini ya paa dogo la makuti, niliona vigingi vifupi vya mti vimechomekwa ardhini, vimefungwa vitambaa vyekundu na vyeupe na bluu. Nimeviona maisha yangu yote nikipita huko mashambani. Sikuwahi kuuliza.

"Hizo ni koma zetu," akasema. "Huyu baba. Huyu baba mkubwa. Huyu kaka yangu."

"Na mama Pola?"

"Mama alikuwa ameokoka kwa yule Mzungu wake. Alipokufa, watu wa dini wakasema asisimamishiwe koma. Baba akaogopa. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, sikuwa na sauti. Nikasema basi, atakaa pale kwenye pembe. Nikamwita mwenyewe, akaja."

Alisema "akaja" kama unavyosema mgeni alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimechoka, miguu yangu imejaa matope, na bado sikuelewa. Nikamwambia, "Hawe, mimi nimemchora mara mbili. Sijui kuchora zaidi ya hapo. Kama hafiki, hafiki."

Akanigeukia. "Atafikaje na wewe hujamwita?"

"Mimi?"

"Nani tena? Sisi boma likihama, koma ya zamani haing'olewi. Hukatwa mti mpya. Aliyeuchonga ndiye huita kwanza, kwa sababu ndiye aliyetengeneza nyumba, naye ndiye anayejua mlango. Akishaita yeye, na sisi tunaita. Mimi nimekuja kwako, nikaweka pembe na mfupa pamoja, nikakunja mikono, nikakungoja. Mara mbili! Nawe wanitazama tu, wanambia utarekebisha mdomo."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, kicheko kikanitoka. Yeye hakucheka.

"Nilidhani wajua," akasema. "Fundi gani huchonga mtu asijue kumwita? Babako hakuwa mchongaji?"

"Baba alichonga twiga, hawe. Alichonga twiga na vifaru miaka arobaini. Twiga haitwi."

Hapo ndipo na yeye alicheka, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Halafu akaniuliza kama nitaita. Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa. Akasema, "Hata mama," akarudi kwenye mchele wake.

Pembe imebaki kwake. Kiponda aliporudi kutoka darajani amenitazama kana kwamba nimemletea nyoka.

5 Juni
Mvua. Macho mabaya.

8 Juni
Kanisani. Nimemwomba Mungu anijibu. Mhubiri amesoma matangazo.

14 Juni
Kinachonichoma si dini peke yake, niseme kweli. Nukta zote zile. Macho yangu yote yale. Nilikuwa nimekwishajua sikio lake, mkunjo wa kilemba chake, na kumbe kazi ilikuwa imekwisha tangu tarehe thelathini Aprili. Ningelikuwa nimeuliza tu. Mimi huyu, niliyekulia hapa, nawaita watu hawe na sijui koma ni nini.

22 Juni
Mvua inapungua. Easter anauza. Nimechora mbwa wa Mtaliano mmoja asiyeondoka msimu wowote. Mbwa huyo hahitaji kuitwa, anakuja mwenyewe na matope.

1 Julai
Kiponda amepiga simu. Kiprop amemkumbusha, kwa upole, kwamba siku zinakwenda. Mama yake amesema hatatoa mpaka Pola ahame. Kiponda akasema, "Mama Ndinda, nakuomba. Nikimnyang'anya nitakuwa nimemuua. Nisipomnyang'anya watanifunga."

Nikamwambia nitafikiri.

6 Julai
Nimefikiri hivi. Mimi nikienda kaburini kwa mamangu kule Wamunyu nazungumza naye. Namwambia mahindi yamekuwaje, nani ameoa. Hakuna mhubiri aliyewahi kunikemea, kwa sababu sikuwahi kumwambia. Kwa hiyo swali si kama naweza kuzungumza na aliyekufa. Swali ni kama naweza kuzungumza na wa mtu mwingine.

11 Julai
Jua siku nzima.

19 Julai
Nimeita.

Tulikuwa watatu chumbani: Nyevu, Kiponda mlangoni akitazama nje, na mimi. Nilikuwa nimebeba picha zote mbili, nikamwuliza Nyevu ipi. Nilitumaini atachagua ya pili. Akachukua ya kwanza, ile yenye doa la ukungu shavuni. Nikamwambia hiyo imeharibika. Akasema, "Uso wa mtu una madoa," akaiweka kibaoni kando ya pembe.

Akamimina maji ya unga. Akanipisha.

Nilisimama pale na mikono yangu sijui niipeleke wapi. Mwanamke mwenye miaka hamsini na tano, mwimba kwaya. Nikaanza kwa Kiswahili, "Mama Pola." Kiswahili nakitumia kwa wateja na kwa askari. Sijui kukisemesha mtu nisiyemwona. Basi nikaacha. Kikaja Kikamba chenyewe, kile cha nyumbani. Nikasema, "Mwaitu. Mwaitu Pola, uka vaa." Mama, njoo hapa.

Tangu tumzike mamangu sijalitamka hilo neno kwa sauti mbele ya watu. Nililia, siwezi kuficha. Sijui nilikuwa namlilia nani. Nikamwambia Pola kwa Kikamba kwamba nimemtengenezea mahali, si pazuri kama alipokuwa, ni mfupa wa ng'ombe, lakini hakuna atakayeuchoma. Nikamwambia mlango uko upande wa sikio la kushoto, lile lililotobolewa chini. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilinijia tu, na nilipolisema nikajua ndio wenyewe.

Kisha Nyevu akaita mama yake kwa Kigiriama, "Mayo," na mengine mengi kwa haraka, kama mtu anayegombeza na kubembeleza kwa pamoja. Nje kuku walikuwa wakipigana.

Sikuona kitu, daktari. Sitaki usome hapa udhani nimeona kitu. Nilimwona Nyevu tu. Aliitazama picha yangu ile yenye doa, na mwili wake wote ukalegea, kama mtu aliyekuwa amesimama foleni tangu asubuhi akaitwa jina lake. Akasema, "Karibu." Akachovya kidole kwenye mafuta akampaka juu ya mfupa.

Rangi yangu haijapakwa hata vanishi ya kuikinga.

20 Julai
Kanisani. Nimeimba. Hakuna radi iliyonipiga.

23 Julai
Macho mazuri.

28 Julai
Leo tumekwenda ofisini kwa Kiprop, Nyevu, Kiponda na mimi. Nilikwenda kwa sababu Nyevu alinambia niende, na kwa sababu nilitaka kuiona ile pembe mara ya mwisho. Sitaona tena kilemba kilichoachwa kitupu kikawaka.

Kiprop ni kijana mrefu, mpole, meza yake imejaa masanduku ya kuhama. Alitupa viti. Nyevu akafungua leso moja tu, akaiweka pembe mezani bila kusema neno. Kiprop akaichukua akaisogeza dirishani. Nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa ametarajia kipande cha pembe, na sasa mwanamke alikuwa anamtazama.

"Nyanya," akasema, "huyu ni nani?"

"Alikuwa mamangu."

Akaiweka chini taratibu kwa mikono miwili. Akashika kalamu, akaiacha. "Mimi naweza kupokea pembe. Lakini hapa kuna mtu. Sijui niandike nini." Akamtazama Kiponda, akanitazama mimi. Nadhani angesukumwa kidogo tu, angeturudishia.

Nyevu akaisukuma ile pembe upande wake wa meza, kama unavyomrudishia jirani sahani yake baada ya kuiosha.

"Hapana mtu hapo, mwanangu," akasema. "Mtu yuko nyumbani. Wewe andika pembe."

Kiprop akaandika pembe, moja, yenye ufa. Nyevu akakunja leso yake akaniuliza kama pana mahali pa karibu tunaweza kupata chai.